Hatusemi "sikulifika", mbona tunaandika "didn't arrived"?

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kuhariri Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na mimi mwenyewe nimo humo humo. Barua, ripoti, maombi ya kazi. Kalamu nyekundu inatua mara nyingi kuliko kote kwenye sentensi za kukanusha. Msamiati watu wanao, tahajia kompyuta inawasaidia. Wanakwama pale wanapotaka kusema kwamba jambo halikutokea.

Kosa linaloongoza mnalijua: "I didn't arrived". "She doesn't knows". "We did not went".

Naomba nianzie kwenye Kiswahili, maana jibu tunalo mdomoni tangu tukiwa watoto. Chukua "nilifika", ikanushe. Unapata "sikufika". Ile "-li-" imekwenda wapi? Imeondoka. Hakuna mtu anayesema "sikulifika". "Ninafika" inakuwa "sifiki": "-na-" imeng'oka, na mwisho wa kitenzi nao umegeuka. "Nimefika" inakuwa "sijafika", yaani "-me-" imeipisha "-ja-". Ni "-ta-" tu inayokaa kwake bila kusumbuliwa: nitafika, sitafika. Kwetu sisi kukanusha si kubandika kiraka cha "hapana" juu ya sentensi iliyokwisha shonwa. Tunaifumua, tunaishona upya.

Kiingereza nacho kinafumua. "Not" haining'inii kwenye kitenzi chochote kile, inataka kitenzi kisaidizi cha kuegemea. Sentensi ikiwa nacho tayari, kazi imekwisha: "She is coming" inakuwa "She is not coming", "They have eaten" inakuwa "They have not eaten", na vivyo hivyo kwa "can", "will", "should" na wenzao. Isipokuwa nacho, Kiingereza kinamwajiri kibarua. Anaitwa "do". Kibarua huyu akishaingia, anabeba mzigo wote, wa wakati na wa nafsi, na kitenzi kikuu kinabaki mikono mitupu kama kilivyo kwenye kamusi.

"She knows." Ile "-s" ya mwisho ni mzigo. Sasa kanusha: "She does not know." Mzigo umehamia kwa "does". Kilichotokea ni kuhama, hakuna kilichoongezeka. "I arrived" inakuwa "I did not arrive": ule wakati uliopita sasa umo ndani ya "did". Anayeandika "did not arrived" amembebesha kibarua mzigo, kisha naye akabeba mzigo ule ule.

"Be" ana cheo chake. Hata akiwa kitenzi kikuu hataki kibarua: "I am not ready", "They were not home". Ila ukiwa unakataza, hata yeye anamwita "do": "Don't be late."

Karibuni, wenye maswali na wenye vidonda.

Mwanagenzi

Mkuu, hii ya kibarua nimeinasa. Sasa nisaidie kwa "have". Nina kitabu cha zamani kinasema "I haven't a pen". Filamu zote nasikia "I don't have a pen". Nani anadanganya?

Kalamu Butu

Hakuna anayedanganya, ni umri tu. "Have" ana kazi mbili. Akiwa kisaidizi, "I have seen", anajibebea "not" mwenyewe: "I have not seen". Usimwekee "do" hapo hata siku moja. Akiwa na maana ya kumiliki, siku hizi anahesabiwa kitenzi kikuu kama wengine: "I don't have a pen". "I haven't a pen" ni Kiingereza cha Uingereza cha zamani. Si kosa, ila kinanukia kabati. Waingereza wenyewe hupenda kusema "I haven't got a pen", na hapo "have" anakuwa kisaidizi tena.

Fundi Herufi

Niongeze historia kidogo, maana huyo kibarua hakuwepo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilikanusha kwa kuweka "ne" mbele ya kitenzi: "ic ne secge", sisemi. Hiyo "ne" ilikuwa nyepesi, haisikiki vizuri, ikabidi itafutiwe msaidizi wa nyuma, na zama za kati watu wakawa wanasema "I ne seye not". Baadaye "ne" ikachoka kabisa ikaanguka, ikabaki "I say not". Enzi za Shakespeare, "I know not" na "I do not know" zilikuwa zinaishi pamoja. Kisha "do" akashinda.

Mdenmark Otto Jespersen alieleza mzunguko huu mwaka 1917: kikanushi kinadhoofika, kinaongezewa nguvu, kile cha kuongezea nguvu kinageuka kuwa kikanushi chenyewe. Na "not" imetokana na neno la kale lenye maana ya "si kitu chochote". Kwa hiyo aliyesema "I say not" zamani, kwa asili alikuwa anasema "nasema si kitu". Wafaransa nao wamepita njia hiyo hiyo: "ne... pas", na mitaani leo "ne" wameshaitupa.

Bi Mkaguzi

Kaka Kalamu, umeanza vizuri lakini umeacha shimo ambalo mimi naliona kila siku. Kiswahili kikikanusha, kinapoteza tofauti ambazo Kiingereza kinazidai.

Tazama "havuti sigara". Nikuambie hivyo kuhusu mtu, umeelewa nini? Kwamba si mvutaji? Au kwamba sasa hivi, pale alipoketi, hana sigara mkononi? Kwetu umbo ni moja. Tunapokubali tunazo "huvuta", "anavuta", "yuavuta". Tukikataa zote zinaangukia "havuti". Kiingereza hakikuachii. "He doesn't smoke" ni tabia, "he isn't smoking" ni dakika hii. Mtu akimwandikia daktari "he is not smoking" akimaanisha mgonjwa hajawahi kugusa sigara, daktari anaweza kuelewa kwamba ameacha kwa muda.

Na upande wa pili kuna "I am not understanding". Mtu anawaza "sielewi", anaona ni jambo la sasa hivi, anaweka "-ing". Vitenzi vya hali kama kujua, kuelewa, kupenda, kuamini kwa kawaida havitaki "-ing": "I don't understand", hata kama kutoelewa kwenyewe kumeanza sekunde mbili zilizopita.

Halafu kuna "bado". "Have you finished?" Mtu anajibu "Still." Mwingereza anabaki anasubiri sentensi iishe. "Bado" ya kukataa ni "Not yet". "Bado sijala" ni "I haven't eaten yet". "-ja-" yetu imeimeza "yet" ndani yake, ndiyo maana mtafsiri anaisahau.

Kalamu Butu

Bi Mkaguzi, shikamoo. Hilo la "havuti" nalichukua, sikuwahi kulieleza vizuri hivyo. Kwa wanaojifunza: kabla hujakanusha kwa Kiingereza, irudishe sentensi kwenye hali ya kukubali. Kama ungekubali kwa "huvuta", tumia "doesn't". Kama ungekubali kwa "yuko anavuta", tumia "isn't".

Nyota Njema

Mimi nina kidonda, mkuu, tena changu mwenyewe. Niliandaa semina. Nikawaandikia washiriki kwamba kompyuta zipo ukumbini, hivyo si lazima waje na zao. Nikaandika: "You must not bring your own laptops." Siku ya siku, watu ishirini na kitu wamekuja mikono mitupu, na mmoja kabla hata ya salamu ananiuliza kwa upole kama kuna tatizo la usalama. Kompyuta za ukumbini zilikuwa sita. Nilidhani "must" ni lazima na "not" ni si, basi "must not" ni si lazima!

Kalamu Butu

Pole sana, Nyota. Ila umetuletea mfano bora kuliko wangu wote, tusiupite.

Kiswahili kinaonyesha waziwazi "si" imekaa wapi. "Si lazima ulete": kinachokataliwa ni ulazima. "Lazima usilete": ulazima upo, tena mkali, kinachokataliwa ni kuleta. "Must not" ni hii ya pili. Ukitaka ya kwanza, andika "You don't have to bring" au "You needn't bring". Ajabu ni kwamba "must" na "have to" zikikubali zinafanana kama mapacha. Zikikanushwa hazijuani.

Njia ninayoitumia: chukua "must not" yako uisome kwa sauti kama "lazima usi-". Ukiona umegeuka polisi bila kukusudia, badilisha.

Na "may not" ni mbaya zaidi, kwa sababu ina nyuso zote mbili. "You may not leave" kwa kawaida ni huruhusiwi kuondoka. "It may not rain" ni huenda mvua isinyeshe. Kwenye tangazo au mkataba mimi huikwepa. Naandika "must not" au "might not", nalala salama.

Mwanagenzi

Swali la kijinga: "no" na "not" zinatofautianaje?

Kalamu Butu

Si la kijinga. "No" hukaa mbele ya nomino: "no money", "no reason". "Not" hukanusha kitenzi na mengineyo. "I have no money" na "I don't have any money" ni mamoja, ila ya kwanza ina uzito kidogo zaidi. Usizichanganye ukapata "I don't have no money".

Msomaji Kimya

Kwani "I don't have no money" ina shida gani? Nyimbo zimejaa hiyo. Tena Kiswahili kinaruhusu vikanushi kufuatana.

Fundi Herufi

Haina shida ya akili, ina shida ya kijamii. Kiingereza kwa karne nyingi kilirundika vikanushi na hakuna aliyechanganyikiwa. Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, akimsifu mtu kwamba hajapata kumtolea yeyote neno chafu, aliweka vinne katika mistari miwili. Lahaja nyingi bado zinafanya hivyo, kuanzia mitaa ya London hadi Kiingereza cha Wamarekani weusi, na kwa utaratibu unaoeleweka, si ovyo ovyo. Waandishi wa sarufi wa karne ya 18, Robert Lowth akiwa mmojawao, ndio waliotia mkazo hoja ya kihesabu kwamba hasi mbili zinafutana. Hoja dhaifu, lakini ikashika. Leo mtu akiandika hivyo kwenye barua ya kazi atahesabiwa hajasoma.

Bi Mkaguzi

Nakubaliana na Fundi, ila kwa mwanafunzi wetu tatizo si kurundika hasi. Tatizo ni "any". Anaambiwa kwenye kukanusha "some" inakuwa "any", anashika hiyo kama dua, kisha anaandika "Anybody did not come". Anatafsiri "mtu yeyote hakuja". Kwa Kiingereza sanifu "any" ya namna hii haitangulii, inataka hasi iwe imeshapita mbele yake. "I did not see anybody", sawa. Ikiwa mwenyewe ndiye kiima, hasi inaingia ndani yake: "Nobody came". Na hapo "did" haipo, maana hakuna "not" ya kubebwa. Nimekuta "Nobody didn't come" kwa mtu aliyetaka kusema ukumbi ulikuwa mtupu. Maana iliyotoka ni kwamba walikuja wote.

"Never", "hardly" na "seldom" nazo zimeshakataa zenyewe, hazihitaji "not". "I can hardly hear you", basi. Na zikitangulia mwanzo wa sentensi, zinageuza mpangilio kama wa swali: "Never have I seen such a thing." Hiyo ni ya hotuba, usimwandikie bosi kila siku.

Msomaji Kimya

Nimekaa kimya miaka kwenye jukwaa hili, leo nimevutwa. Naomba mzungumzie "yes" na "no". Niliwahi kupigiwa simu kuhusu nyaraka. Sauti ikauliza: "You haven't received the documents?" Nikajibu "Yes". Nilimaanisha ndiyo, sijapokea. Akasema "Great", akakata. Wiki mbili nasubiri nyaraka ambazo mwenzangu anajua ninazo.

Kalamu Butu

Hii ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu hakuna neno hata moja ulilolikosea.

"Hujapokea?" Kwa Kiswahili "ndiyo" inamkubalia muulizaji: ndivyo, ulivyosema ni kweli, sijapokea. Jibu letu linamtazama mtu. Jibu la Kiingereza halimtazami mtu, linatazama tukio. Tukio limetokea, "yes". Halikutokea, "no". Swali liwe limeulizwa kwa kukubali au kwa kukataa, haijalishi.

"Have you received them?" "No, I haven't."
"Haven't you received them?" "No, I haven't."
"You haven't received them?" "No, I haven't."

Jibu ni lile lile mara tatu. "Yes" hufuatana na sentensi ya kukubali, "no" na ya kukataa. Ukijikuta unataka kusema "Yes, I haven't", ndimi mbili zimegongana ndani ya kinywa kimoja.

Dawa yangu kwenye simu: usiishie kwenye neno moja. Malizia na kisaidizi, "No, I haven't". Hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, mkia utakuokoa, au walau atakuuliza tena.

Fundi Herufi

Na msione ni sisi tu. Kijapani kinajibu kama Kiswahili. Wafaransa wana neno la pekee la kupinga swali hasi, "si", na Wajerumani wana "doch". Kiingereza chenyewe zamani kilikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa maswali ya kawaida, "yes" na "no" kwa maswali yaliyoulizwa kwa kukataa. Wakayaacha mawili yafe, sisi ndio tunalipa.

Nyota Njema

Na "Do you mind"? Mtu kaniuliza "Do you mind if I sit here?", nikasema "Yes, yes, welcome", akaniangalia kama nimemtukana na kumkaribisha kwa pumzi moja.

Kalamu Butu

Ndivyo ulivyofanya, Nyota! Anauliza kama itakukera. "No" ndiyo ruhusa.

Kuna mawili nisiyotaka yapite. La kwanza, "He told me to don't go". Sisi tuna "aliniambia nisiende", "-si-" imejificha katikati ya neno. Kiingereza kinaweka "not" mbele ya "to": "He told me not to go". Kibarua "do" hapa hana kazi, kwa sababu hakuna wakati wala nafsi ya kubebwa. Vivyo hivyo "kutojibu": "not answering", si "don't answering".

La pili ni "wote". "Wanafunzi wote hawakufaulu." Hata kwa Kiswahili msomaji makini atasita: hakuna aliyefaulu hata mmoja, au waliofaulu ni baadhi? Ukiipeleka neno kwa neno, "All the students did not pass", utata unasafiri nayo. Amua kwanza. Kama ni baadhi, "Not all the students passed", ambayo ni sawa na "si wanafunzi wote waliofaulu". Kama hakuna hata mmoja, "None of the students passed". Nimeona ripoti nzima ikirudishwa kwa sababu ya sentensi hii moja, na aliyeiandika alikuwa na takwimu sahihi kabisa.

Bi Mkaguzi

Jambo moja la kutuliza moyo: "sidhani kama atakuja". Hapo tumefanana na Kiingereza bila kujua. "I don't think he will come" ndiyo inayosikika vizuri. "I think he won't come" ipo, ila ni ya mtu mwenye uhakika zaidi, au mwenye kisirani.

Mwanagenzi

Nimejaribu, nisahihishieni:

1. "My sister doesn't likes meetings."
2. "He asked me to not be late."
3. "I don't know to swim."
4. "You are not tired, isn't it?"
5. "Me too I don't know."

Kalamu Butu

Ya kwanza, "-s" imebaki kwa kitenzi wakati "does" ameshaibeba: "doesn't like". Ya pili iache. Wakali watasema "not to be late", na ndiyo ninayoiandika mimi, lakini "to not" watu wanaisema na kuiandika. Ya tatu ni "sijui kuogelea" iliyovaa koti la Kiingereza. Wao wanasema "I can't swim". Ya nne, "isn't it" ni "sivyo" yetu inayofaa kila mahali, ila Kiingereza sanifu kinataka mkia ufuate kisaidizi cha sentensi na ugeuze upande: "You are not tired, are you?" Ya tano, "too" ni ya kukubali. Kwenye kukataa sema "I don't know either", au kwa ufupi "Neither do I".

Mwanagenzi

Asante, mwalimu. Ya mwisho kwa leo: "Do you mind if I bring more sentences tomorrow?"

Kalamu Butu

"No, I don't." Zilete.